Mafundo Thelathini na Manane

Mimi sikusoma. Nilikaa darasani miaka miwili tu, nikatoka najua kuandika jina langu na kuhesabu hadi mahali ambapo mwalimu mwenyewe alichoka. Kwa hivyo ukikuta neno limekaa vibaya hapa, likalishe vizuri wewe mwenyewe kisha uendelee. Nakuandikia wewe unayekohoa na umejificha. Najua umejificha. Mimi nilijificha kuliko wewe, na nilikuwa na mahali pazuri pa kujificha, maana nilikuwa mtu mkubwa.

Mkubwa kiasi gani? Uliza mtu yeyote kati ya Kitale na Bungoma ni nani aliyezuia mto kwa mawe na magogo, akachimba mfereji kwa jembe lake viangazi viwili, akaweka jiwe la kusagia likazungushwa na maji wakati wenzake bado wanawaacha wake zao wasage kwa mkono. Watakwambia ni Wanyonyi wa mashine. Mzungu wa shamba la ng'ambo alikuja kuona, akalizunguka gurudumu mara tatu, akauliza ni fundi gani wa Kihindi aliyelijenga. Nikamwambia, fundi ni huyu hapa mbele yako, na hana viatu. Mifuko yangu ya unga niliipiga chapa ya jiwe, duara lenye tundu katikati. Hata mtoto aliyeona kitambaa chenye duara hilo alijua ni cha nani. Shika neno hilo. Duara hilo ndilo lililokuja kuniumbua.

Kikohozi kilianza wakati wa kuvuna. Nikasema ni vumbi la unga. Msagaji ana bahati hiyo, anaweza kukohoa mwaka mzima na watu wakalaumu mahindi. Lakini mke wangu, Mama Nekesa, hadanganyiki.

"Unga gani huo," akaniuliza, "unaokutoa jasho mpaka godoro linalowa?"

"Ni joto."

"Joto la Januari hapa kwetu, na mimi nimelala na blanketi mbili?"

Mkanda wangu niliutoboa tundu jipya, halafu jingine. Mashavu yakaingia ndani. Watu walisema, Wanyonyi kazi inakumaliza, nami nikacheka na kupiga kifua, halafu nikaenda nyuma ya ghala kukohoa nikiwa nimeshika mti.

Mama Nekesa ndiye aliyenipeleka Kitale, kwa kunisukuma. Tulikaa kwenye benchi la hospitali kutoka asubuhi mpaka kivuli kikahamia upande mwingine wa ua. Nilikaa mwishoni kabisa, kofia nimeivuta mpaka machoni, nisije nikaonwa na mteja. Kila mlango ulipofunguliwa niliinua kichwa, na kila mara lilikuwa jina la mtu mwingine. Mwishowe daktari akapiga picha ya kifua, akasema ni kifua kikuu, na wadi imejaa. Ningedungwa sindano kila siku kwa siku tisini, nisikose hata moja, karibu na nyumbani. Dawa ingepelekwa kwenye zahanati ndogo ya ng'ambo ya mto wetu, upande wa mashamba ya Wazungu. Mdungaji angekuwa dresa wa pale, yule msaidizi wa daktari anayefunga vidonda na kugawa dawa.

Huyo dresa alikuwa Kariuki. Alikuwa Mkikuyu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitibu kila mtu: vibarua wa mashamba, Wabukusu wetu waliovuka mto, watu waliotembea kutoka Kachibora na mtoto mgongoni. Wagonjwa wake wengi hawakujua kusoma kadi, basi alikuwa na utaratibu wake. Kila aliyeanza sindano alipewa kamba ya mkonge, inatundikwa kwenye msumari ukutani, na kwenye ncha kinafungwa kitambaa anachokijua mwenye kamba. Kila sindano, fundo moja. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayelifunga. Mama mzee asiyejua hata namba mbili alipapasa kamba yake na kujua amefika wapi.

Mimi nilimwambia Kariuki kamba yangu haitatundikwa pale.

"Kwa nini, mzee?"

"Nani atakula unga wa mtu mwenye kifua? Na kuna watu wamekuja kumposa Nekesa wangu. Wakisikia?"

Akanitazama kupitia ile miwani ya uzi. "Basi nitakuja kwako. Na sitamwambia mtu. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa."

Ndivyo tulivyofanya. Saa sita mchana, wakati jiwe linanguruma na hakuna anayesikia chochote, Kariuki alivuka daraja la magogo na mkoba wake, akaingia ghalani, nikateremsha suruali nyuma ya magunia. Mimi, mwenye mashine!

"Leo kulia au kushoto?" aliuliza. "Kushoto kumejaa vinundu kama gunia la karanga."

"Dunga uende."

"Mzee wangu, ulinyamaza mbele ya kisu cha tohara, sasa unalia kwa sindano?"

"Nani analia? Ni jicho."

Baada ya sindano midomo ilikufa ganzi, na ardhi iliyumba kama nimekanyaga mtumbwi. Halafu nilimeza ile dawa nyingine ya unga, chungu, iliyonipeleka chooni mara nne kwa siku. Kisha nilifunga fundo. Kamba yangu ilikuwa na kitambaa kutoka kwenye mfuko wa unga, kile chenye duara, na Kariuki aliibeba kwenye mkoba wake.

Tulianza watu wakipanda mahindi. Kwenye fundo la ishirini jasho lilikoma. Kwenye la thelathini nilirudi tundu moja kwenye mkanda. Nilianza tena kufokea watu kwenye foleni, na Mama Nekesa akasema, "Sasa naona umepona, maana umekuwa mbaya tena."

Fundo la thelathini na nane lilikuwa la mwisho.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Hali ya Hatari. Vita vilikuwa mbali, kwenye misitu ya huko kwao Kariuki, na sisi tulidhani mbali ni mbali. Lakini Wakikuyu wa mashamba ya Kitale walikuwa wanapangwa mistari, wanaulizwa, wanapakiwa kwenye malori na masufuria yao. Asubuhi moja wakati wa palizi nilisikia ng'ambo ya mto mlio wa chupa zikivunjika. Haikuwa chupa moja. Zilivunjika kwa muda mrefu, kama mtu anamwaga kokoto juu ya mabati.

Nilielezwa baadaye na waliokuwepo. Askari waliingia zahanatini na Mzungu mmoja wa polisi wa akiba, mkulima aliyevalishwa bastola. Waliona zile kamba ukutani, zaidi ya arobaini, kila moja na mafundo na kitambaa. Mzungu akasema hizi ni kamba za kiapo cha wapiganaji wa msituni. Akasema kila fundo ni mtu wa kuuawa. Kariuki akaeleza, ni sindano, bwana, ni hesabu ya sindano. Wagonjwa wakapaza sauti kwamba ni kweli. Walikuwa vibarua, wengi wao watu wa kabila lake, basi wakapigwa na kulazwa kifudifudi kwenye umande. Askari wakavunja makabati kwa vitako vya bunduki. Dawa za macho, dawa za minyoo, iodini, chupa zangu za sindano zilizoletwa kutoka Kitale, zote zilikwenda chini. Kisha wakachoma kamba na paa likashika moto.

Mtu akivunja mashine yangu nitamwelewa. Ana wivu. Akichoma ghala langu nitamwelewa pia, ana njaa au ana chuki nami. Lakini mtu anayesimama mbele ya kabati la dawa za watoto na kuinua bunduki akalivunja, huyo nimekaa miaka yote hii nikijaribu kumwelewa, na kila nikijaribu damu inanipanda mpaka leo.

Kisha lori likaja kwangu.

Lilisimama mbele ya mashine, turubai limefungwa nyuma. Foleni ilikuwa ya wanawake kama thelathini. Mzungu wa bastola aliteremka ameshika kamba moja ambayo haikuchomwa. Ilitolewa kwenye mkoba. Mimi niliijua kabla hajaiinua.

"Hii kitambaa ya nani?" akauliza.

Hakukuwa na haja ya kujibu. Duara lilikuwa kwenye kitambaa, na duara lilikuwa limechorwa ukutani nyuma yangu, kubwa kama tairi.

"Hiyo chapa ni yangu," nikasema.

"Na kamba? Dresa nasema iko kamba ya sindano. Nasema iko ya mgonjwa. Mgonjwa gani? Hapana taka sema jina. Wewe si Kikuyu, wewe mtu ya maana hapa. Wewe nasema, mimi nasikia. Hii kamba yako?"

Angalia vizuri mahali nilipokuwa. Ningesema neno moja: ndiyo. Ningegeuka, nivute suruali kidogo, nimwonyeshe vinundu thelathini na vinane. Labda angecheka. Labda angesikia, labda asingesikia. Lakini wale wanawake thelathini walikuwa wamesimama na mahindi yao. Mmoja wao alikuwa shangazi wa yule kijana aliyekuja kumposa Nekesa. Mama Nekesa alikuwa juu kwenye mdomo wa mashine, ameshika debe, ameacha kumimina.

Nikasema, "Mifuko yangu inauzwa mpaka Webuye, bwana. Mtu yeyote anaweza kuokota kitambaa."

"Wewe najua hii dresa?"

"Namwona akipita."

Mzungu akaiweka kamba mfukoni. Lori likaondoka. Foleni ikasonga. Mama Nekesa hakumimina mahindi. Alishuka, akaliweka debe chini taratibu, akapita karibu nami.

"Sauti unayofokea watu mpaka ng'ambo ya mto wanasikia," akasema, "leo ilienda wapi?"

Kwa wiki mbili alinipikia na hakuniambia neno.

Sasa sikiliza yaliyofuata, kwa sababu watu huhesabu vita kwa risasi, na hapa kwetu hata risasi moja haikulia. Zahanati ilibaki kuta nne na harufu ya dawa ambayo haikutoka mpaka mvua zikaisha. Dresa mwingine hakuletwa. Waliokuwa na vidonda wakarudi kufunga majani. Watu waliogopa hata kwenda Kitale hospitali, maana njiani kulikuwa na vizuizi, na ukikutwa na pamba au chupa tupu unaulizwa unampelekea nani msituni. Msitu gani? Sisi tuna mahindi tu! Mama mmoja wa vibarua alikaa na uchungu siku mbili, na wale waliozoea kumkimbilia Kariuki wakasimama mlangoni wanaangaliana. Alizikwa na mtoto wake tumboni. Kisha surua ikaingia. Mwaka wa nyuma ilipita Kariuki akizunguka nyumba kwa nyumba na maji ya dawa ya macho na vidonge vya kifua. Mwaka ule ilipita peke yake.

Ilimchukua binti mdogo wa Simiyu. Simiyu alikuwa liguru wetu, mkubwa wa kijiji, na zaidi ya hapo tulitahiriwa naye asubuhi moja, kwenye ua mmoja, kwa kisu kimoja. Watu kama hao kwetu huitwa bakoki. Mkoki wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkeo na wakwe zako, na huwezi kukasirika. Akikuagiza jambo, unafanya. Ndiyo sheria yetu, na sikumbuki mtu aliyeivunja.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kutema damu. Mara ya kwanza ilikuwa juu ya unga mweupe, nikaufunika kwa mguu. Mkanda nikaukaza matundu matatu. Agosti ilifika, mwaka wa tohara, vijana wanapita barabarani wakipiga njuga, na mimi nimekaa nje ya nyumba kwenye jua na blanketi. Simiyu akaja. Hakukaa. Alikuwa amenyoa kichwa kwa matanga ya mtoto.

"Mkeo ameniambia," akasema.

Nikaivuta blanketi mpaka shingoni.

"Wee Wanyonyi. Nilisimama karibu nawe siku ile. Nilitazama macho yako, hukupepesa. Watu waliimba jina lako mpaka mtoni. Kisu hukukiogopa, ukaogopa kikohozi!"

"Simiyu, nina damu kwenye—"

"Nyamaza. Mimi nimezika. Yule Kikuyu alimdunga binti yangu mwaka jana akapona. Mwaka huu nilimbeba nikafika kwenye kuta zilizoungua, nikasimama kama mjinga, nimesahau kwamba hayupo. Sasa nakwambia kama mkoki wako. Utaenda Kitale kwa wale waliomchukua, useme ile kamba ni yako. Kwa sauti. Na usirudi hapa kabla hujasema."

Nilikwenda. Simiyu mwenyewe alinibeba kwenye baisikeli yangu, mimi nimekaa nyuma kama gunia, tukisimama kila mlima ili nikohoe. Kituoni tulingoja kwenye benchi jingine. Mabenchi yote ni mamoja, mbao zilizolainishwa na makalio ya watu wanaoogopa. Karani alinisikiliza, nikasema kila kitu, kwa sauti, mpaka askari mlangoni akageuka. Nikafungua shati nikaonyesha mbavu. Karani akafunika mdomo kwa leso.

"Umechelewa, mzee. Huyo alipelekwa kambini mwezi wa sita."

Tulipokuwa tunatoka yule askari wa mlangoni akatufuata mpaka kwenye mti wa uani. Alikuwa mtu wa Elgon, kijana, alikuwepo siku ile.

"Wewe ndiye mwenye kamba ya duara?"

"Ni mimi."

"Walimwuliza jina lako siku nne. Alisema yeye hana ruhusa ya kulitaja, mwenye ruhusa ni mgonjwa. Walimvunja mkono, ule wa kulia. Bado alisema hivyo hivyo." Akatema mate chini. "Mimi nilidhani mwenye kamba amekufa. Mtu aliye hai angekuja."

Simiyu hakunitukana njiani. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Kitale wadi bado ilikuwa imejaa, wakaniandikia barua ya kwenda upande wa Bungoma. Huko muuguzi akaniuliza nilikuwa nimepata sindano ngapi.

"Thelathini na nane."

"Hizo zimekufa," akasema. "Tunaanza moja."

Nililala wadini kutoka mavuno mpaka watu wakapanda tena. Nakwambia ukweli wewe unayeanza: kuanza upya ni kubaya kuliko kuanza. Mwili unakumbuka. Sikio la kushoto lilianza kupiga mlio kama nzi ndani ya chupa, na siku moja mlio ukaisha, na kusikia kukaisha pamoja nao. Watu wa posa walirudisha neno kwamba wameghairi. Mama mkwe alitaka kuwachukua watoto, Mama Nekesa akakataa, akaendesha mashine yeye mwenyewe, na wateja walipungua nusu, halafu wakarudi, maana njaa haina kiburi. Kila Jumapili alikuja na mayai ya kuchemsha na mtori wa ndizi, akasimama nje ya dirisha kwa sababu ndani hakuruhusiwa, tukazungumza kupitia wavu. Tulizungumza pale dirishani zaidi kuliko tulivyozungumza miaka kumi na minane ya ndoa. Kulikuwa na mzee kitanda cha pili aliyenifunika miguu nilipopata baridi, na hatukujuana lugha. Vitu vidogo kama hivyo ndivyo vilivyonivusha.

Niliomba kamba ya mkonge. Nikaitundika kwenye chuma cha kitanda na kitambaa cha duara, mahali kila mtu anapita. Kabla sijatoka, vitanda saba vilikuwa na kamba.

Nilipona. Sasa nina tundu moja tu lililobaki kwenye mkanda, na hilo kwa sababu ya tumbo. Nekesa aliolewa na mtu bora kuliko yule, mtu aliyeniuliza kifua changu kikoje kabla hajaniuliza mahari. Zahanati nimeiezeka mabati mimi, kwa mikono hii, na nimemwambia kila bwana shauri anayepita kwamba paa lipo, lete dresa. Mpaka leo wanasema wataangalia. Waliweza kuvunja kwa asubuhi moja.

Mwaka jana Kariuki alirudi kuchukua vitu vyake kama kuna vilivyobaki. Havikubaki. Alikuja mashineni saa sita mchana, jiwe linanguruma, kama zamani. Miwani hana. Mkono wa kulia umepinda, vidole havifungi. Hatashika sindano tena. Nilisimamisha maji. Jiwe likanyamaza. Foleni yote ikageuka, na mbele yao nikasema ile kamba ilikuwa yangu, na kwamba niliulizwa hapa hapa nikaikana.

Kariuki akasubiri nimalize.

"Najua," akasema. "Nilikuwa ndani ya lori, chini ya turubai. Nilikusikia."

Nikauliza, "Ulinisikia? Na bado hukunitaja? Siku nne?"

"Ulikuwa mgonjwa wangu," akasema. "Ulikuwa umebakiza sindano hamsini na mbili."

Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba. Akaomba kuiona kamba. Nikamletea ile ya Bungoma, akaipitisha katika mkono wa kushoto, fundo kwa fundo, midomo ikihesabu, wanawake wote wakimtazama na mahindi yao. Alipofika tisini akaitundika kwenye msumari wa mlango wa mashine, duara likitazama nje. Ipo hapo mpaka leo. Anayekuja kusaga ataiona kabla hajatua gunia, na akiuliza ni ya nani, namwambia.